Dai Inayojinywesha Mafuta

Siku hizi bomba halikatwi meno, linayeyushwa. Fundi anakuja na pasi yake ya umeme, anapasha moto ncha mbili za plastiki, anazigandisha kama mtu anayefunga bahasha, anapiga picha kwa simu na kuondoka. Ukitoka nje kumuuliza kama maji yatapita, yeye yuko nyumba ya jirani tayari. Sina ugomvi na plastiki. Maji yanapita. Lakini anayetaka kujua kazi ya bomba ilivyokuwa hapa Iringa itabidi anivumilie nimweleze habari za Apolonia, jirani yangu wa Mlandege, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ameipitisha akitia mafuta.

Bomba la chuma huunganishwa kwa meno. Ncha yake inachongwa mistari ya kuzunguka, kama ile ya bolti, halafu inasokotwa ndani ya kiungo chenye meno ya kuipokea. Chombo cha kuchongea mafundi wetu wanakiita dai: kichwa kizito cha chuma chenye visu ndani, na mikono miwili mirefu ya kukizungushia. Unabana bomba kwenye jiriwa, unalivika dai, unasukuma mkono mmoja chini na mwingine juu. Nusu mzunguko mbele, kidogo nyuma ili machicha ya chuma yakatike, tena mbele. Na muda wote huo visu lazima vinywe mafuta. Visipokunywa vinashika moto, vinang'ata chuma badala ya kukikata, na meno yanatoka mapengo matupu, kama haya yangu. Sasa, anayezungusha ana mikono miwili, na yote imeshika dai. Mafuta atatia nani? Hapo ndipo alipokuwa Apolonia.

Mumewe ni Gwakisa, Mnyakyusa wa Kyela, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala. Alifika Iringa na kampuni ya kuchimba mitaro ya maji. Kampuni ikaondoka, yeye akabaki kwa sababu ya msichana wa Ifunda aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha kando ya mtaro. Watu wa Ifunda walinung'unika kwamba binti yao wa Kihehe anakwenda kulishwa ndizi mpaka kaburini. Watu wa Kyela nao walinung'unika kwamba kijana wao ameoa baridi. Manung'uniko yote yaliishia kwenye pombe ya ulanzi siku ya harusi, na mara ya mwisho kuulizia hakuna aliyekumbuka nani alianza.

Mtia mafuta wa kwanza wa Gwakisa alikuwa mwanaume mmoja aitwaye Jofrey. Huyu alikimbilia Ubaruku kulima mpunga, akisema mpunga haumfokei mtu. Siku aliyoondoka, Gwakisa alikuwa na kazi parokiani, bomba limebanwa na meno yako nusu, na padri amesimama pale anauliza maswali. Apolonia alifika na chakula cha mchana. Akaliangalia bomba, akamwangalia mumewe, akaweka chakula chini na kuokota kopo la mafuta. Hakuna aliyemwajiri wala kumwachisha. Chakula kililiwa kimepoa, na kesho yake akaja tena.

Alikuwa na namna yake. Kopo la maziwa ya unga, limetobolewa kwa msumari chini, tundu amelizibia kidole. Ndani yake mawese. Mafundi wengine walitumia mafuta machafu ya gari, lakini Gwakisa hakutaka kusikia. Mawese ya kwao Kyela, alisema, yamelainisha koo za wazee wake, hayawezi kushindwa na kipande cha chuma. Na kwa kweli yalikata vizuri. Ila mawese na Iringa hawajuani. Mwezi wa sita na wa saba yanaganda kama sabuni. Kwa hiyo Apolonia alikuwa anatembea na kopo ndani ya sweta, limebanwa na khanga tumboni, linapata joto lake. Ukimwona anavuka barabara asubuhi ya Julai ungedhani ana mimba, na wengi walimpa hongera. Alizipokea zote. Alisema hongera haziozi.

Akikaa kwenye kazi, yeye ndiye aliyeshika mwendo. Gwakisa alikuwa na nguvu, lakini nguvu haina masikio. Apolonia alisikiliza dai. Ikianza kulia kwa sauti nyembamba, anasema, "Rudi," na Gwakisa anarudisha. Halafu anaachia kidole na kusema, "Kunywa," na matone yanashuka. Rudi, kunywa, rudi, kunywa, mtaa mzima.

"Mama Eve," wapita njia walikuwa wanamtania, "unaliambia bomba au unamwambia mzee?"

"Mwenye kiu anajijua," anajibu, bila kuinua macho.

Na katikati ya rudi na kunywa walizungumza mambo yao yote. Mimi baraza langu linatazama uwanja wao, nimesikia. Jina la Eveline lilichaguliwa juu ya bomba la zahanati. Kiwanja kilinunuliwa juu ya bomba la shule. Waliwahi kununiana wiki nzima na bado kazi ikaenda, kwa maneno hayo hayo mawili, kila moja likisemwa kwa ubaya wa kutosha. Leo hii mtu na mkewe wanakutana jioni kila mmoja anatazama simu yake, halafu wanashangaa kwamba hawajuani. Wangepewa bomba moja la kukata.

Sasa, Eveline huyo, mtoto wao wa kwanza, yuko Mbalizi, ana duka la vifaa vya ujenzi na mumewe. Mwaka jana, katikati ya baridi, alikuja kuwasalimu wazazi. Alishuka na mchele, na dumu la mawese lililotumwa na mashangazi wa Kyela, na boksi. Niliitwa kwenda kuona.

Ndani ya boksi kulikuwa na dai. Nyekundu, inang'aa kama pikipiki mpya. Ilikuwa na mkono mmoja tu, wa kupandisha na kushusha, na kuzunguka kichwa chake palikuwa na kijitanki chenye kifuniko. Eveline alieleza: unajaza mafuta humu, na kila ukishusha mkono, pampu ndogo ya ndani inasukuma mafuta yenyewe mpaka kwenye visu. Ukiacha kushusha, nayo inaacha.

"Inajinywesha," Gwakisa alisema taratibu. Aliishika kama mtu anayepokea mjukuu. "Mama Eve, umeona? Inajinywesha. Ndaga, mwanangu, ndaga," akashukuru kwa lugha ya kwao.

"Nimeona," alisema Apolonia.

"Mama, sasa utapumzika," Eveline alisema. "Kila nikilala namuona mama yangu na kopo tumboni kwenye baridi. Nikasema hapana. Nimeitafuta hii mpaka nimeipata."

"Kwani nilikwambia nimechoka?"

"Hukusema, mama. Ndiyo maana nimekusemea."

Mtoto alikuwa na furaha usoni, na Apolonia hakutaka kuiharibu. Akaenda kuandaa chai. Mimi nilimfuata mpaka mlango wa jikoni kuomba kikombe, na nikamwona amesimama mbele ya jiko bila kuwasha kitu.

"Shemeji," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "huyu mtoto ameninyang'anya kazi kwa upendo. Nitamjibu nini?"

"Mwambie hutaki."

"Kwa zawadi?" Akacheka kidogo. "Mimi nikikaa kitako nitageuka yule mama wa dirishani anayejua nani kapita na nani. Sitaki kuwa huyo. Nafasi hiyo unayo wewe."

Nikangoja kikombe changu. Chai ilikuwa nzuri.

Kabla ya kuondoka, Eveline alimwambia baba yake kwamba dai hiyo ina mafuta yake, membamba, ya dukani, na kwamba amesahau kuyaleta. Gwakisa akalitazama dumu la mashangazi lililosimama pale pale mlangoni.

"Mafuta ni mafuta," alisema. "Kuna mafuta yanayozidi ya Kyela?"

Wiki iliyofuata alipata kazi kwenye gesti ya Bi Amna. Bi Amna ni wa ukoo wa wafanyabiashara wa pwani waliopanda Iringa zamani na kusahau njia ya kurudi. Gesti yake ni nyumba ya kale, mabomba yake ni ya chuma mpaka ndani ya kuta, na plastiki akiiona anauliza nani amefariki, maana kwake plastiki ni viti vya msibani tu. Bomba kubwa la uani lilikuwa limeoza. Gwakisa akafunga begi lake, akabeba dai nyekundu begani, akatoka peke yake. Lilikuwa jambo la ajabu kumwona, kama kuona mtu amevaa kiatu kimoja. Apolonia alimsindikiza mpaka kwenye lango na kurudi kufagia uwanja. Alipomaliza akaufagia tena.

"Kamwene, mama Eve," jirani mmoja alimsalimu akipita. "Leo hukwenda?"

"Kamwene. Nimestaafishwa."

"Na serikali?"

"Na kopo lenye mpini."

Yaliyotokea kwa Bi Amna nimesimuliwa na Bi Amna mwenyewe, na mwisho wake nimeuona kwa macho. Gwakisa alifunga maji, akakata kipande kilichooza, akabana bomba jipya kwenye jiriwa. Tanki la dai alikuwa amelijaza mawese nyumbani, jikoni, yakiwa ya moto. Lakini kutoka kwetu mpaka kule ni mwendo, na asubuhi ile umande ulikuwa mweupe juu ya nyasi. Alipofika, ndani ya lile tanki jekundu kulikuwa na mche wa sabuni. Yeye hakujua. Tangu Jofrey aondoke alikuwa hajawahi kuyaona mawese yameganda kazini, kwa sababu miaka yote yalimfikia kutoka tumboni kwa mkewe.

Akashusha mkono. Dai ikalia. Akafikiri ni ugeni wake, mwanamwali bado ana haya. Akashusha tena kwa nguvu zote za mabega yale, na pampu haikutoa hata tone, na visu vikaanza kung'ata. Alipoitoa, meno yalikuwa yamechanika. Akakata ile ncha, akaanza upya. Yakachanika tena. Wakati huo wageni wa gesti walikuwa wanaamka, na baadhi yao walikuwa wameshajipaka sabuni.

"Bi Amna, maji," sauti zikaanza kutoka vyumbani.

"Fundi yupo," Bi Amna anajibu.

Ndipo Gwakisa alipofungua kifuniko na kuona. Akafanya ambalo Mnyakyusa yeyote angefanya na mawese yaliyoganda: akayapeleka jikoni. Aliomba nafasi kwenye jiko la mkaa la Bi Amna, akailaza dai nzima pembeni ya sufuria ya chai. Mawese yakayeyuka, kweli. Yakatoka kwenye tundu la pampu, yakamwagikia mkaa. Harufu ikapanda, ikapita ukumbini, ikaingia chumba hadi chumba, harufu ya ndizi na maharage ya nyumbani kwao siku ya sikukuu. Wageni wakafungua milango. Mmoja alitoka na taulo na povu kichwani akauliza kama kifungua kinywa kimebadilishwa.

"Mzee Gwakisa," Bi Amna alisema, "mimi nilikuita uniunganishie bomba. Zamu ya jikoni nina mtu wake."

Dai ilipopoa mkononi mwake akajaribu tena kwa haraka, kabla mawese hayajaganda. Mzunguko wa kwanza ukaenda vizuri, wa pili ukaenda, wa tatu ukakwama ghafla, na kifundo cha mkono wake kikajipinda. Hapo akapiga simu. Apolonia alikuwa amezima yake, kwa hiyo ikalia ya kwangu.

"Kaka, nipe huyo mwanamke."

Nilimpelekea simu uwanjani. Alisikiliza. Aliuliza maswali mawili tu: yamemwagika mengi? Umeumia? Halafu akanirudishia simu na kuingia ndani. Nilitegemea atatoka na kopo. Alitoka amevaa raba, mkono mmoja una chupa ya mafuta ya taa na mwingine matambara.

"Na kopo?" nikamuuliza.

"La nini? Kopo ni la ile ya zamani."

Tulikwenda naye. Njiani hakusema kitu, na mimi nilitumia nafasi hiyo kulaumu viwanda vya nje, wafanyabiashara, watoto wanaofanikiwa mapema, mpaka tukafika. Bi Amna alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Bi Amna."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo amenikaangia nyumba."

Gwakisa alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ameshika kifundo cha mkono, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Apolonia alikitazama kifundo, akakifunga kwa tambara moja, akamwambia kitavimba lakini hakijavunjika. Halafu akaigeukia dai. Aliifungua, akayakwangua mawese kwa kijiko cha Bi Amna, akaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ndani ya pampu. Akamtuma mlinzi wa gesti kwenye duka la Habibu pale mtaani, alete mafuta membamba ya mashine. Yalipoletwa akayajaza, akashusha mkono mara kadhaa hewani. Tone likaonekana kwenye kisu. Akalifuta kwa kidole, akalinusa, akakunja uso.

"Haya mafuta hayana kwao," alisema.

Tulikuwa tunangoja amkabidhi Gwakisa. Hata Gwakisa aliinuka. Lakini mkono wake haukuweza kufunga vidole, na wageni walikuwa wanaita. Apolonia akaivika dai kwenye bomba na kushika mpini yeye mwenyewe.

Miaka yote niliyokaa baraza lile sikuwahi kumwona ameshika dai. Hakuwa amekatazwa. Ile ya zamani ilitaka watu wawili, mmoja azungushe na mmoja anyweshe, na kwa kuwa mwenye mabega alikuwa mmoja, hakuna aliyewahi kuuliza. Hii nyekundu haikudai mabega. Ilidai mtu ashushe na kupandisha kwa mwendo, na asikilize. Akashusha. Ikalia kidogo, akarudisha. Akashusha tena. Machicha yakaanza kutoka yamejikunja, marefu, yanang'aa, kama maganda ya chungwa lililomenywa na mtu mwenye muda.

Gwakisa alisimama pembeni. Mkono wake mzima ulikuwa unatafuta kitu hewani, kama mtu aliyezoea kushika fimbo.

"Kunywa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Neno lile lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Niache, Baba Eve. Inajua yenyewe."

Meno yalipotoka hayakuwa na pengo. Apolonia akayafunga nyuzi za katani ili maji yasivuje, akasokota kiungo, akaenda upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Maji yalipofunguliwa, bomba likakohoa na kutema kutu, halafu vyumbani watu wakanyamaza. Bi Amna akamletea chai yeye wa kwanza. Ilikuwa na harufu ya mawese.

Mimi nilidhani mambo yataishia hapo, kwamba kifundo kikipona Gwakisa atachukua dai yake na Apolonia atarudi kwenye ufagio. Kifundo kilipona. Asubuhi moja nikawasikia mlangoni kwao, begi moja katikati yao. Kulikuwa na kazi Ipogolo, nyumba ya zamani karibu na mto.

"Ni zawadi ya mtoto kwako," Gwakisa alikuwa anasema. "Alisema upumzike."

"Nitapumzika nikitoka."

"Na mimi?"

"Chukua ile ya zamani. Iko nyuma ya mlango."

"Ile inataka mtu wa mafuta."

"Tafuta."

Gwakisa akatazama nyuma ya mlango. Nilijua anafikiri nini, maana na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo: katika Mlandege yote hakuna tena mtu anayejua kutia mafuta. Wanaojua kuyeyusha wako wengi. Ningeweza kujitolea mimi, lakini mikono yangu inatetemeka, na sina tumbo la kupashia mawese.

"Sasa nikae hapa nihesabu wapita njia pamoja na huyu?" Gwakisa aliuliza, na huyu alikuwa mimi.

Apolonia akaweka begi begani, dai akaiegemeza kwenye nyonga.

"Twende," alisema. "Lakini sina kazi ya kukupa."

"Sijaomba kazi."

Tangu hapo wanakwenda wote wawili. Mke anakata, mume anakaa kwenye ndoo na kuongea. Anaongea habari za Kyela, za kakao, za ng'ombe wa baba yake, za Eveline kutopiga simu. Mara nyingine anasema kitu na mkewe anaacha kushusha ili acheke, na mafuta nayo yanaacha. Watu wanasema ni maendeleo. Mimi naona kazi ya watu wawili imekuwa ya mtu mmoja, na mwingine amebaki kuwa redio, na kama jambo hilo halimhuzunishi mtu basi na asihuzunike. Wao wenyewe hawaonekani kuhuzunika. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Kule Ipogolo siku ile, mwenye nyumba, mstaafu mmoja mwenye kofia ya sufu, aliwapokea getini. Alimpa Gwakisa mkono, akamtazama mabega kwa kuridhika, akaanza kumweleza bomba linavujia wapi na tangu lini.

Gwakisa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Halafu akasogea pembeni.

"Mzee, hayo mweleze fundi," alisema. "Mimi nimemsindikiza mke wangu."